Jina la Kimeng'enya na Kazi Yake

Mwaka 1971, huko Baltimore, Kathleen Danna na Daniel Nathans walikata DNA ya kirusi SV40 kwa kimeng'enya cha bakteria, wakapata vipande 11. Ramani haikuwapo bado, kwani ukubwa wa vipande hauelezi kipi chafuata kipi. Ilitangazwa mwaka 1973, baada ya vimeng'enya vingine kutumiwa na vipande vilivyopandiana kulinganishwa. Na kwa kuwa DNA hiyo ni duara isiyo na mwanzo, mahali pamoja tu panapokatwa na EcoRI pakafanywa sifuri.

Afasiriye Kiingereza neno kwa neno atasema "kimeng'enya cha kuzuia". Jina hilo lina asili yake: bakteria hutumia kimeng'enya hicho kuzuia virusi vinavyomvamia. Lakini katika uchoraji wa ramani hakizuiwi kitu, hukatwa. Hata hivyo, "kimeng'enya kikatacho" nacho hakitoshi, maana viko vinavyokata DNA ovyo, na ukataji wa ovyo hauzai ramani. Sifa yenyewe ni kuchagua mahali. Basi "kimeng'enya kikata-mahali" ndicho kimfaacho mwanafunzi: jina halimpotezi kabla ya somo kuanza.