Taa Iwakayo na Kuzimika

Bwana mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja, alinijia na gari lake dogo la Kijapani ambalo taa yake ya manjano, ile ambayo mafundi wetu huiita cheki injini, ilikuwa ikiwaka aendapo shamba kwa njia mbovu, kisha baada ya siku kadhaa za kuzunguka mjini ikazimika yenyewe pasipo mtu kuigusa. "Sheikh," aliniambia, "gari hili lina jini, na jini lenyewe halipendi mashimo." Kabla ya kunifikia mimi alikuwa amekwisha pita kwa fundi mwingine, ambaye alichomeka mashine ya kupimia, akasoma namba P0135, akabadilisha sensa ya oksijeni kwa gharama isiyo haba, akaifuta namba, na taa ikatulia wiki mbili kamili kabla ya kurejea na namba ile ile.

Namba hizi zataka kusomwa kwa utaratibu. Herufi P ni alama ya injini na gia. Sifuri inayofuata hujulisha kwamba namba hiyo ina maana moja kwa watengenezaji wote. Moja ni mlango wa mafuta na hewa. Na hizo 35 zinazobaki hutaja hitilafu yenyewe, nayo ni mzunguko wa umeme wa hita iliyomo ndani ya sensa ya kwanza ya ekzosi. Sensa hiyo haiwezi kazi mpaka ipate joto la takriban digrii 300, na hita huifikisha hapo upesi, isikae kungojea moshi. Lakini mzunguko si sensa peke yake, bali ni waya pia, na soketi, na fyuzi, na rilei, hata kompyuta yenyewe. Namba imetaja mtaa, haikutaja nyumba. Na fundi wa kwanza alibisha hodi kwenye mlango wa kwanza aliouona.

Ama huko kuwaka na kuzimika, hapakuwa na jini. Kwa kanuni zilizoanza kushurutishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996, ambazo watengenezaji wengi huzifuata, kompyuta haiwashi taa kwa kosa la namna hii mpaka ilione katika safari mbili zinazofuatana. Na zikipita safari tatu mfululizo pasipo kosa, huizima, ilhali namba hubaki katika kumbukumbu mpaka injini ipate moto na kupoa mara 40. Fauka ya hayo, kosa linaponaswa kompyuta huhifadhi hali ya gari ya wakati ule ule, na fundi mwenye pupa huifuta hazina hii pamoja na namba. Mimi niliisoma kwanza: maji ya injini digrii 88, mwendo kilomita 22 kwa saa. Injini imekwisha pata moto, na gari linajikokota. Ndiyo njia ya shamba hasa.

Mwenye gari, kwa bahati njema, alikuwa ameiweka sensa ya zamani kwenye buti, imefungwa katika gazeti. Nilipima hita yake, nikapata ohm 13. Ile mpya ohm 12. Zote mbili zilikuwa salama, na fedha ya watu ilikuwa imekwenda bure. Nikaichomoa soketi, nikapima umeme unaofika kwenye waya wa hita: volti 12 na nusu, kama ipasavyo. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa kuwa mita ya volti hainywi umeme ila tone, na waya uliobakiwa na unyuzi mmoja huweza kuitosheleza, ilhali hita yataka mkondo wa karibu ampea nzima. Basi nikachukua globu ya breki ya wati 21, nikaiunga baina ya waya ule na hasi ya betri, nayo badala ya kung'aa ikawa nyekundu mfano wa kaa lililofunikwa na jivu. Nikaanza kuutikisa waya kutoka kwenye soketi kwenda juu, wanda baada ya wanda. Nilipofika kadiri ya shubiri moja, globu ikazimika kabisa.

Kwa nje ngozi ya waya ilikuwa nzima, isipokuwa kitundu kidogo cha kupita sindano. Nilipoichana, shaba ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani, zimesalia nyuzi mbili. Kumbe zamani fundi fulani, katika kutafuta hitilafu nyingine, alikuwa ameutoboa waya ili apime umeme, akauacha wazi. Na kisiwani kwetu, ambako hewa ya bahari hula hata misumari ya paa, tundu kama lile halihitaji miaka mingi. Sindano hizi zina manufaa yake, sikatai, lakini mwenye kutoboa na asizibe hana udhuru.

Nilikata mpaka nikafika shaba inayong'aa, nayo ilikuwa mbali kuliko nilivyodhani, kwani kutu hutambaa chini ya ngozi. Nikaunga kipande kipya chenye unene ule ule kwa viungo vya kubana, si kwa risasi, maana risasi huufanya waya mkavu, na penye mtetemeko hukatika pale ukavu unapoishia. Nikauvisha mpira wenye gundi unaosinyaa kwa moto, nikaufunga mbali na bomba la ekzosi. Globu ikawaka nyeupe, nikautikisa waya kwa nguvu, isipepese.

Namba sikuifuta kwa makusudi, ili kompyuta itoe hukumu yenyewe. Nilimwambia bwana yule aende shamba siku tatu mfululizo kwa njia yake ile ile, asiyakwepe mashimo. Asubuhi ya nne alipofungua ufunguo taa iliwaka kwanza kama ilivyo ada ya kila gari, injini ikanguruma, taa ikazimika, isirudi. Jioni alipita kwangu kuchukua sensa yake ya zamani, akaikunja upya katika gazeti lile lile, akairudisha kwenye buti.