Bujora, Mahali pa Kulala Katikati ya Sanaa

Anayetoka Bariadi kwenda Mwanza hupitia Lamadi na Magu, na kabla hajaingia jijini hufika Kisesa. Hapo ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyofunguliwa mwaka 1968 kwa juhudi za Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na Wasukuma walioshirikiana naye. Wengi tunayajua kwa ngoma za tamasha la Bulabo, kila mwezi wa Juni. Wachache wanajua kwamba mgeni anaweza kulala palepale, katika vyumba vya kawaida au kwenye hema lake, bila kuhitaji mfuko wa mtalii.

Anayelala huona yale yanayompita mgeni wa saa moja. Jengo la watemi lina umbo la kiti cha enzi, na ndani yake zimo ngoma za kitemi. Jengo la wachezaji linahusu vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, mahasimu wa tangu enzi za mababu. Kanisa lililopo hapo nalo ni la duara kama msonge. Sanaa hapa haikuletwa kupamba ukuta. Ukuta wenyewe ndiyo sanaa.

Hongera Bujora! Nanyi wenye gesti za Bariadi, mbona kuta zenu ni tupu? Waiteni wachoraji na wachongaji wa Kinyantuzu, muwalipe, waanze na chumba kimoja.