Siku moja iliyozidi: mbinu ya Simbu na maumivu ya msimu Singida

Asubuhi ya Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alimpita Amanal Petros wa Ujerumani katika hatua za mwisho kabisa za marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Kamera ya mstari wa kumalizia ndiyo iliyoamua, kwa tofauti ya sehemu tatu kati ya mia za sekunde. Mzaliwa huyo wa kijiji cha Mampando, mkoani Singida, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika mashindano hayo.

Mengi yamesemwa kuhusu kasi yake ya mwisho. Uchambuzi huu unaangalia jambo jingine: aliwezaje kufika pale akiwa mzima baada ya mwaka mzito kiasi kile? Jibu lake linawahusu moja kwa moja watu wa nyumbani kwao, ambao kila msimu wa kilimo huingia shambani wakiwa na nguvu na wengi wao hutoka wameshika viuno.

Kalenda yake

Agosti 10, 2024, Simbu alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, akamaliza wa 17. Desemba 1 alikuwa Valencia, akakimbia saa 2:04:38, muda bora kuliko wote aliowahi kuupata. Aprili 21, 2025, alishika nafasi ya pili Boston kwa saa 2:05:04, nyuma ya John Korir wa Kenya. Kisha Tokyo.

Hizo ni marathoni nne ndani ya miezi 13 na ushei. Ukihesabu wiki kati ya moja na nyingine unapata 16, kisha 20, kisha 21. Muda kati ya mbio haukupungua hata mara moja, ingawa matokeo yalikuwa yanazidi kupanda, na mtu anayepanda ndiye hushawishika kuongeza mbio.

Mwili unazihitaji wiki hizo. Misuli iliyochoka hurudi katika hali yake ndani ya siku kadhaa hadi wiki mbili. Kano, zile kamba zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, huimarika taratibu zaidi. Mfupa ndio wa mwisho: sehemu iliyochakaa hubomolewa kwanza, kisha hujengwa upya, na mzunguko huo huchukua miezi mitatu hadi minne. Ndiyo maana mtu anaweza kujisikia ana nguvu tele huku kano na mifupa yake bado havijawa tayari. Misuli imeshatoa ruhusa, viungo vingine havijatoa.

Mteremko wa Boston na jembe la mkono

Njia ya Boston inaanzia Hopkinton na kushuka takribani mita 140 hadi inapoishia. Asiyeijua hudhani mteremko ni nafuu. Ukweli ni kwamba kila hatua ya kushuka inailazimisha misuli ya mbele ya paja kufunga breki: inavutika huku inajikaza. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana nyuzi za misuli kuliko nyingine yoyote, na maumivu yake hayaji siku hiyohiyo. Hufikia kilele siku ya pili au ya tatu.

Mtazame sasa mtu anayepalilia alizeti kwa jembe la mkono. Kila anapoliteremsha jembe, misuli ya mgongo wa chini na ya nyuma ya mapaja inakuwa breki ya kiwiliwili chote. Inavutika huku inajikaza, mara mamia kwa asubuhi moja. Siku ya kwanza anajisifu kwa eka aliyoimaliza. Siku ya tatu hawezi kuinama kufunga viatu.

Dawa ya jambo hili inajulikana. Misuli ikionjeshwa kazi hiyo kidogo, ikaachwa ipone, inajikinga kwa wiki kadhaa dhidi ya kazi ileile. Wakimbiaji wanaojiandaa kwa njia zenye miteremko hufanya mazoezi ya kushuka mapema kwa sababu hiyo. Mkulima naye anaweza. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo siku za jembe zinajulikana kabla hazijafika. Wiki moja au mbili kabla, alime nusu saa tu kwenye bustani ya nyumbani, apumzike siku mbili, kisha arudie. Hata siku ya kwanza ya palizi yenyewe, aache kazi angali na hamu nayo.

Wiki au siku?

Kwa miaka mingi wakimbiaji wamefundishwa kutozidisha umbali kwa zaidi ya asilimia 10 kila wiki. Utafiti wa Groningen, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2008, uliipima kanuni hiyo kwa wakimbiaji wapya zaidi ya 500. Walioifuata na wasioifuata waliumia sawasawa, karibu mmoja kati ya watano.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya kufuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000. Walichokiona ni kwamba hatari haikupanda kwa sababu ya jumla ya wiki. Ilipanda pale mbio moja ilipozidi kwa zaidi ya asilimia 10 ile ndefu kuliko zote ambazo mtu alikuwa amekimbia ndani ya siku 30 zilizopita. Kwa maneno mengine, kinachoumiza ni siku moja iliyoruka kipimo.

Utafiti huo ni wa wakimbiaji, lakini mimi naamini ndio ufunguo wa kuelewa maumivu ya msimu. Mtu hufanya kazi ya wastani wiki nzima, kisha lori la vitunguu linafika jioni na anatakiwa kulipakia lote kabla ya giza. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa mikono. Gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, linaweza kuvuka kilo 100. Wawili wanaliinua, wa tatu anainamisha shingo na kulipokea begani, kisha anapanda ubao mwembamba hadi juu ya lori. Pale juu ndipo penye hatari kubwa: miguu imesimama, kiuno kinazunguka ili gunia litupwe pembeni. Uti wa mgongo unabanwa na kunyongwa kwa wakati mmoja. Anayejua kazi hugeuza miguu kwanza, kifua kikafuata, na gunia likashuka mbele yake.

Joto, maji na vidonge

Marathoni ya Tokyo ilikimbiwa kwenye joto na unyevu mkali. Mwili huzoea joto kwa siku 7 hadi 14: maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema. Aliyetoka ofisini au chuoni na kwenda kulima likizo ya Desemba hana mazoea hayo. Siku zake za kwanza ziwe za asubuhi na jioni, anywe maji kabla kiu haijamkamata, na chakula kiwe na chumvi ya kawaida.

Hapa nina onyo ninalolitilia mkazo. Kuna watu wanaomeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ili wasisikie maumivu mchana. Kwa mtu anayetoka jasho jingi na kunywa maji kidogo, dawa hizo zinaweza kudhuru figo, na zikimezwa bila chakula huchubua tumbo. Zaidi ya hayo, zinaizima taarifa ambayo mwili unaihitaji ili upange kazi ya kesho.

Taarifa hiyo inasomeka hivi. Yape maumivu alama kati ya 0 na 10. Yasipovuka 5 wakati wa kazi na yakawa yamerudi chini kesho yake asubuhi, endelea kwa kiasi kilekile. Yakiamka nawe yakiwa juu kuliko jana, punguza kazi ya siku hiyo. Ganzi miguuni, mguu kukosa nguvu, kushindwa kuzuia mkojo, homa, au maumivu ya mgongo yanayokuamsha usiku havina subira: nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Basi, mwenye shamba anapogawa kazi, asigawe eka peke yake, agawe na siku zake. Palizi ya siku nne isibanwe iwe ya mbili. Mnunuzi wa vitunguu anayetaka lori lijae aje mapema, na magunia yapimwe kwenye mizani kabla hayajafika begani kwa mtu. Hakuna kati ya haya linalohitaji mtaalamu wala vifaa zaidi ya mizani. Yanahitaji kupangwa kabla mvua haijanyesha na kabla lori halijapiga honi.