MHUNI NI NANI? Usawiri wa Fujo za Soka Katika Filamu, na Namna Unavyopokewa Jabe

Filamu ya Green Street (2005) niliitazama kwa mara ya kwanza Jabe, hapa Bujumbura, katika chumba cha video chenye mabenchi ya mbao na pazia zito mlangoni. Ilikuwa nakala iliyotiwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, mmoja wa wale wasimulizi wanaozungumza juu ya sauti ya filamu, wakafupisha, wakaongeza vichekesho vyao, na pengine wakamhukumu mhusika kabla mwongozaji hajamhukumu. Tangu dakika za mwanzo alikuwa na neno moja tu kwa vijana wa London waliokuwa wakipigana: wahuni. Neno 'firm', ambalo ndilo vijana wenyewe wanaloliitia kundi lao, alilitafsiri 'kampuni'. Kijana aliyekaa mbele yangu akauliza kwa sauti: kampuni hii inauza nini? Chumba kizima kikacheka, msimulizi akaendelea na yake.

Swali lile nimekaa nalo kwa muda mrefu, kwa sababu linagusa filamu yenyewe na pia kazi yetu sisi tunaofundisha lugha.

Kwa wasioijua filamu hii, kisa chake ni hiki. Matt Buckner, anayeigizwa na Elijah Wood, ni mwanafunzi wa uandishi wa habari anayefukuzwa Harvard baada ya mwenzake wa chumbani kuficha kokeini katika vitu vyake. Anakwenda London kwa dada yake, na huko anakutana na Pete Dunham, shemeji wa dada huyo na kiongozi wa kundi la mashabiki wa West Ham. Pete anamfundisha kunywa, kuimba na kupigana. Upo uhasama na kundi la Millwall, ambalo kiongozi wake, Tommy Hatcher, alifiwa na mtoto katika ugomvi wa miaka ya nyuma. Upo usaliti wa ndani. Mwisho yapo mapigano makubwa katika uwanja mtupu kando ya mto, na Pete anakufa. Matt anarudi Marekani, anamnasa mbaya wake kwa kinasa sauti, anatoka akiimba wimbo wa West Ham.

Mwongozaji, Lexi Alexander, ni Mjerumani aliyewahi kuwa bingwa wa karate, na hilo linaonekana: ngumi katika filamu hii zina uzito, na kamera inajua mwili unaanguka vipi. Kifani sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni wa kimaudhui. Filamu inatuambia kwamba kijana mpole alikuwa hajakamilika mpaka alipopigwa usoni, kisha akajua kusimama imara. Damu ya Pete inageuka kuwa karo ya shule ya Matt. Mwingereza anazikwa, Mmarekani anarudi kwao. Maiti ya mtu mmoja imetumika kama kifaa cha kumkomaza mwingine, na mtazamaji anatakiwa atoke akiwa na furaha. Nakiri kwamba mara ya kwanza nami nilitoka nikiwa na furaha.

Jambo lililonishtua zaidi nililiona katika mara ya pili. Pete ni mwalimu. Anafundisha historia na michezo katika shule ya watoto. Asubuhi anashika chaki, Jumamosi anashika chupa iliyovunjika. Sasa turudi kwa msimulizi wetu na neno lake.

Kamusi zetu za zamani humweleza mhuni kuwa ni mtu asiyetulia mahali, asiye na kazi wala makazi, aliyejitenga na jamaa zake. Baadhi humtaja hata kapera. Katika Dar es Salaam ya wakoloni neno hili lilikuwa neno la serikali: wahuni walikuwa wale wasio na kazi waliokamatwa mjini na kurudishwa vijijini kwa nguvu, hasa katika miaka ya 1940 na 1950. Kosa lao kubwa lilikuwa kuwapo mjini. 'Hooligan' nalo lina ukoo unaofanana kidogo. Lilienea katika magazeti ya London mwaka 1898, na hudhaniwa kwamba limetokana na jina la ukoo la Kiayalandi, yaani jina la wahamiaji maskini. Kufanana kwa sauti kati ya 'huni' na 'hooligan' ni bahati tu. Kinachofanana kwa kweli ni matumizi. Yote mawili ni maneno ya aliye juu anapomtazama aliye chini.

Lakini filamu zilizo bora zaidi za mkondo huu zinamkana mhuni wa namna hiyo. The Firm ya Alan Clarke, iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya BBC mwaka 1989, ndiyo kubwa kuliko zote, na ningependa kila mwanafunzi wa uhakiki aitazame. Gary Oldman anaigiza Bexy, dalali wa nyumba mwenye mke, mtoto, gari na tai shingoni. Siku moja mtoto wake mchanga anaokota kisu cha baba na kukitia mdomoni. Hakuna muziki wa kutuongoza tuhisi nini. Bexy hana njaa, hana ukapera, hana ukosefu wa makazi. Anapigana kwa sababu anapenda, na Clarke hakubali kutupa sababu nyingine ya kutuliza roho zetu. Ukimwita Bexy mhuni umekosea tafsiri, na kosa lenyewe lina faida kwa wenye heshima zao: linawaondoa katika orodha.

The Football Factory (2004) ya Nick Love sitaikalia sana. Inacheka mahali ambapo Clarke alinyamaza. Cass (2008) ina jambo la maana kwetu, kwa kuwa ni maisha ya Cass Pennant, mtoto mweusi aliyelelewa na wazazi wa kizungu, akatukanwa utotoni, kisha akapanda hadi kuwa mmoja wa viongozi wa kundi la West Ham. Kwake genge lilikuwa mahali ambapo rangi yake ilisamehewa kwa bei ya ngumi zake. Filamu inalijua hilo, ila inaharakisha kumsifu.

Hapa ndipo Jabe inapoingia, si kama mandhari ya kupendezesha makala. Chumba kile cha video kimo katika eneo la Bwiza, jirani na Buyenzi, kitovu cha Kiswahili katika mji huu. Mtazamaji wa London anaweza kuliona genge la vijana lenye jina, kiapo na mipaka ya mtaa kama jambo la kusisimua la mwisho wa wiki. Wenyeji wa hapa waliishi na magenge hayo katika miaka ya 1990. Makundi ya vijana wa Kitutsi wenye silaha yalijiita Sans Échec na Sans Défaite, yaani wasiofeli na wasioshindwa. Upande wa pili nao, kama Kamenge, walikuwa na vijana wao wenye silaha. Machi 1995 mauaji na vitisho viliwaondoa Wahutu wengi Bwiza na Buyenzi, mitaa ambayo hadi wakati huo ilikuwa bado na mchanganyiko wa watu. Yasome tena majina yale mawili. Ni majina ambayo ungeweza kuyashona kwenye jezi.

Kwa hiyo filamu ilipofika mahali Bovver anapomsaliti mwenzake kwa wivu, na kundi la mtaa wa pili likaingia baa kwa bomu la petroli, vijana walikuwa bado wanapiga makofi, lakini mzee mmoja wa makamo aliinuka akatoka. Sikumfuata kumuuliza. Huenda alikuwa na haja zake tu. Ila tangu siku hiyo siwezi kuitazama sehemu ile bila kuliona benchi lake likiwa tupu.

Tatizo la pili la filamu hizi ni kile zisichokionyesha. Ndani yake watu wanauawa na maadui waliojichagulia. Katika viwanja halisi, mara nyingi watu wameuawa na kuta, mageti na gesi. Heysel, Brussels, tarehe 29 Mei 1985, mashabiki wa Liverpool waliwavamia wa Juventus, na waliokufa walikuwa 39, wengi wao wakiwa wamebanwa ukutani na kuangukiwa na ukuta huo. Hillsborough, tarehe 15 Aprili 1989, hapakuwa na fujo hata kidogo. Polisi walishindwa kuuongoza umati, na leo wanaohesabiwa kufa ni 97. Lakini picha ya shabiki mlevi ilikuwa imekwisha tengenezwa, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuwasingizia wafu. Iliwachukua jamaa zao hadi mwaka 2016 kupata uamuzi kwamba watu wao waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27, kwa sababu ya neno moja lililokuwa tayari mdomoni.

Kwetu hali ni hiyohiyo. Butembo, Kivu ya Kaskazini, Septemba 2008, mechi ya Nyuki na Socozaki ilivurugika baada ya golikipa kushukiwa uchawi. Mawe yakarushwa, polisi wakapiga mabomu ya machozi, watu wakakanyagana, na wasiopungua 11 wakafa, wengi wao vijana. Kinshasa, tarehe 11 Mei 2014, V.Club ikiwa nyuma dhidi ya TP Mazembe katika uwanja wa Tata Raphaël, ule ule walipopigana Ali na Foreman mwaka 1974: mawe, gesi, msongamano getini, 15 wakafa. Accra, Mei 2001, zaidi ya 120. Wapo waliorusha mawe, sikatai. Lakini aliyerusha jiwe na aliyekufa getini mara nyingi si mtu mmoja, na neno 'wahuni' katika kichwa cha habari huwazika wote pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo Green Street haina na sisi tunalo, nalo ni utani. Simba na Yanga huitana watani wa jadi, na utani katika jamii zetu ni mkataba: nakutukana, unanitukana, na msibani kwako nitakuja. Hata ngoma za beni za mwanzoni mwa karne iliyopita, Marini na Arinoti, zilikuwa na vyeo vya kijeshi, sare na dharau kwa wapinzani, na zilishindana zaidi kwa mavazi, gwaride na nyimbo. Mkataba huo huvunjika pia. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam, Amissi Tambwe aliifungia Yanga bao ambalo Simba walidai aliuweka mpira sawa kwa mkono. Tambwe ni wetu, Mrundi aliyeibuka mfungaji bora Vital'O ilipotwaa Kombe la Kagame mwaka 2013. Nahodha wa Simba, Jonas Mkude, akatolewa kwa kadi nyekundu, viti vikang'olewa na kurushwa, polisi wakapiga mabomu ya machozi. Baadaye Shiza Kichuya akasawazisha kwa mpira wa kona, na wale wale waliong'oa viti wakakumbatiana juu ya mabaki yake. Serikali ikazizuia timu zote mbili kuutumia uwanja ule. Sijaona filamu ya Kiswahili iliyothubutu kuigusa alasiri ile, yenye hasira, kichekesho na gesi kwa pamoja. Ni hasara kubwa kuliko tunavyodhani, maana kijana wa Jabe anayetaka kujiona kwenye skrini akiwa shabiki analazimika kuazima uso wa Charlie Hunnam.

Muhula huo niliwapa wanafunzi wa tafsiri dakika kumi za Green Street, wazitie Kiswahili bila kutumia neno 'mhuni' wala 'kampuni'. Kwa 'firm' nilipata genge, kundi, chama, kikosi, na mmoja aliyeandika 'timu', akateteta kwamba hilo ndilo neno wanalolitumia wenyewe mtaani kwa kundi la marafiki. Kwa Pete hawakuafikiana kabisa. Wengi waliandika 'kiongozi' au 'mkubwa'. Msichana mmoja aliyekaa nyuma alikuwa ameandika, kila mahali, hata katika sehemu ya mapigano ya mwisho, 'Mwalimu Pete'. Nilipomuuliza sababu alisema: 'Si ndiyo kazi yake, mwalimu?' Nilimpa alama zote. Wenzake walilalamika hadi kengele ikalia.