Jinsi Hokuto no Ken inavyowaliza wababe

Vijana waliokulia kwenye vibanda vya video vya Eastlands, Nairobi, kuanzia Dandora hadi Kayole, wanaijua hadithi ya kung fu hata kabla msimulizi wa filamu DJ Afro hajafungua kinywa kuwasimulia. Mwalimu anauawa, mwanafunzi analia, anafanya mazoezi, anarudi kulipiza. Machozi yako mwanzoni tu. Katika Fist of Fury ya 1972, Bruce Lee anajitupa juu ya jeneza la mwalimu wake akilia bila kujizuia. Kutoka hapo huzuni inageuka hasira, na hasira inageuka ngumi.

Hokuto no Ken, manga iliyotungwa na Buronson na kuchorwa na Tetsuo Hara, ilianza na malighafi hiyo hiyo. Shujaa wake, Kenshiro, ana mwili na miondoko ya Bruce Lee, na jangwa analozunguka baada ya vita vya nyuklia limetokana na filamu za Mad Max. Ilitoka katika jarida la wavulana la Weekly Shonen Jump kati ya 1983 na 1988, ikajaza juzuu 27. Ila Buronson alihamisha machozi. Aliyaweka mwishoni mwa pambano, na mara nyingi akampa adui.

Wahuni wadogo katika hadithi hii hufa haraka. Kenshiro anawagusa mahali fulani mwilini, wanapasuka, ukurasa unafunguliwa. Wapinzani wakubwa wanapewa muda. Ngumi inatua, pambano linasimama, tunarudishwa utotoni mwa yule anayekufa, kisha tunarejeshwa kumtazama usoni. Hara huchora misuli mikubwa na vivuli vya mistari mingi iliyosongamana, kiasi kwamba mwilini hapabaki mahali pa kuongeza uzito. Basi anausogeza mchoro hadi machoni. Chozi kwenye uso wa namna hiyo linaonekana wazi kuliko jeraha lolote.

Mfano bora ni Souther, na nitakaa kwake kwa sababu sijaona mwandishi wa hadithi za ngumi aliyepanga jambo hili kwa ustadi zaidi. Souther ni mtawala anayetumikisha watoto kumjengea piramidi. Shu, mtu aliyejitia upofu zamani ili kumwokoa Kenshiro akiwa mtoto, analazimishwa kulibeba jiwe la kilele hadi juu, na linamponda. Msomaji anataka Souther ateseke. Kenshiro alikwisha kushindwa naye mara moja, kwani mapigo yake hayakufanya kazi kwenye mwili ule. Katika pambano la pili siri inafichuka: moyo wa Souther uko upande wa kulia, na sehemu zote za mwili ambazo Kenshiro huzilenga ziko upande wa pili.

Hapo ndipo tunaambiwa habari za Ogai, mwalimu aliyemlea Souther kama mwanawe. Ili kurithi mtindo wao, kijana alifungwa kitambaa machoni, akaambiwa ampige atakayemjia. Alipiga. Alipofungua macho, aliyekuwa akivuja damu mbele yake ni Ogai, ambaye ndiye aliyeipanga sherehe ile akijua atakufa. Tangu siku hiyo Souther aliamua kwamba upendo ndio chanzo cha maumivu, akauzima. Mwili wa mwalimu wake ameuhifadhi kileleni mwa piramidi.

Mpangilio ndio kila kitu hapa. Kama kisa cha Ogai kingetangulia, tungemhurumia Souther mapema na kumtafutia visingizio alipokuwa akiwaumiza watoto. Buronson anatuacha tumchukie kwanza, kwa haki kabisa, ndipo anatupa sababu. Kisha Kenshiro anachagua pigo lisilo na maumivu. Souther anajikokota hadi kwa maiti ya Ogai na kufa pale kama mtoto anayetafuta joto la baba. Kisasi tulichokisubiri kwa sura nyingi hatukipati. Na ule moyo uliogeuzwa, ambao mwanzoni ulionekana hila tu ya pambano, unasomeka upya: mtu aliyejifunga hisia amepewa mwili ambao wengine hawawezi kuusoma.

Baadaye waandishi wanaifanya huzuni kuwa sharti la kupigana. Muso Tensei, kilele cha sanaa ya Kenshiro, hufikiwa tu na aliyebeba huzuni. Kenshiro anaifikia kwa kuwabeba marafiki waliokufa, na kaka yake Raoh, aliyetaka kuitawala dunia, anaijua hofu kwa mara ya kwanza. Raoh naye anaifikia, lakini baada tu ya kuinua mkono dhidi ya Yuria, mwanamke anayempenda, na kugundua kwamba ni mgonjwa wa kufa. Wakikutana tena, sanaa zao zinafutana. Mabingwa wawili wanabaki kurushiana ngumi tupu kama watoto.

Mtaani tunafundishwa kinyume. Jikaze kisabuni. Kijana akipigwa risasi Mathare au Kayole, marafiki zake ndio wanaochangisha pesa za mazishi na kubeba jeneza, na kilio wanawaachia akina mama. Mothers of Victims and Survivors Network ni kundi la akina mama waliochukua msiba huo wakautoa hadharani wakidai haki, nami nawaheshimu kupita kiasi. Lakini mzigo wa kuomboleza haukupaswa kuwa wao peke yao. Rafiki wa marehemu, mwenye miaka 19, ameupeleka wapi msiba wake?

Manga hii nayo ina kosa hilo hilo. Yuria anaumia ili wanaume wawili wapevuke. Mamiya, anayelinda kijiji chake kwa silaha, anaambiwa na mpiganaji mwenzake Rei kwamba mwanamke aache vita atafute furaha yake. Tena machozi ya kiume yana bei: karibu kila anayelia ameshathibitisha kwamba anaweza kuua. Kwa kijana ambaye hajashinda chochote, anayeosha matatu pale Umoja na kurudi nyumbani mikono mitupu, ruhusa hiyo haimfikii.

Anayeivunja kanuni hiyo ni Bat. Anaingia katika hadithi akiwa mtoto mjanja mwenye njaa, anakua, na hafikii daraja lolote katika sanaa ya Kenshiro. Anampenda msichana Lin, na Lin anampenda Kenshiro. Katika sura za mwisho, Kenshiro akiwa amepoteza kumbukumbu, Bat anajichonga kifuani makovu saba ya Kenshiro na kujitoa kwa adui anayemsaka shujaa huyo. Anateswa akijua hana pigo la siri la kumwokoa, na Hara anamchorea uso kwa uzito ule ule aliompa Raoh.