Yai la Jikoni

Mtaa wa Blandford, Marylebone, katikati ya London, kuna mgahawa uitwao Jikoni. Ravinder Bhogal aliufungua mwaka 2016. Alizaliwa Kenya katika familia ya Kipunjabi, akahamia Uingereza akiwa na miaka saba, na upishi aliurithi kwa wanawake wa nyumbani kwao. London ina bistro nyingi zinazopika Kifaransa kisha kunyunyiza viungo vya Asia juujuu, nyingi hunichosha. Huyu anajua anachokichanganya.

Chukua yai lake. Waingereza huvika yai la kuchemsha nyama ya kusaga wakalikaanga. Watu wa Mombasa na Unguja wanamjua ndugu yake, egg chop. Bhogal ameondoa nyama akaweka kamba, kwa kufuata ule mkate wa kamba na ufuta wa migahawa ya Kichina. Pembeni huja achari ya matango na sosi ya ndizi.

Ni rahisi kucheka, mpaka ufikirie kazi ya yai la namna hiyo. Huchemshwa dakika chache tu ili kiini kibaki kizito kama asali, kisha hutumbukizwa kwenye maji ya barafu lisiendelee kuiva. Kulimenya ni mtihani: limelegea, na ganda likiondoka na kipande cha ute, limeharibika. Kamba wabichi husagwa wakiwa baridi mpaka wanate, maana unato huo ndio utakaolishika yai. Wakipakwa kwa unene, nje itaungua kabla hawajaiva. Wakipakwa kwa wembamba, watapasuka mafutani. Mafuta nayo yakiwa ya uvuguvugu, chenga za mkate zilizopakwa nje huyanyonya; yakichemka mno, huwa nyeusi. Na muda wote huo kiini, ambacho kimeshapita motoni mara moja, hakitakiwi kuganda.

Sosi ya ndizi haikuwekwa kwa mbwembwe. Uchachu wake unakata mafuta, utamu wake unaukuta utamu wa kamba. Hata keki ya ndizi ya Bhogal hupewa karameli yenye miso, na chumvi ya miso ndiyo inayouzuia utamu usikinaishe. Kitabu chake cha mwaka 2020 kinajivunia waziwazi kwamba mapishi yake si ya asili ya mahali popote. Sawa, lakini ufundi wake hauna ubabaishaji.

Ukilikuta yai hilo kwenye menyu, liagize, na usimgawie mtu.