Triko ya euro 7

Mwezi wa pili mudogo wangu alinitumia picha moja ku WhatsApp, bila salamu. Ilikuwa picha ya triko niliyomtumia mimi mwenyewe toka Bruxelles, na chini yake bei: euro 7. Alikuwa ameitafuta ku intaneti mupaka akaipata. Mimi nilikuwa nimekata etiketi ya bei kwa makasi na kuacha ile ya jina la duka, nikifikiri nimefanya akili. Kisha akaandika: « Yaya, njo Ulaya hiyo? »

Sikumjibu siku hiyo. Lakini wengi kati yenu muko mbioni kutafuta bursi, na mutakapofika huku, duka la kwanza mutakaloingia kisha lile la chakula litakuwa duka la aina hiyo: Primark, Kiabi, Zeeman, H&M, C&A. Kwa hiyo afazali tuongee juu yao kabla hamujashika pasi. Duka langu mimi sitalitaja jina, juu halina tofauti kubwa na yale mengine.

Nilifika Ubelgiji mwezi wa 11 na valizi ya nguo za Kadutu. Sisi watu wa Bukavu tunajidai kwamba baridi tunaijua. Hatuijui. Siku ya tatu Mukongomani mwenzangu aliniona nimevaa shimizi tatu moja juu ya ingine, akacheka, akanipeleka dukani. Orofa tatu, ngazi zinazopanda zenyewe, mwangaza kama wa chumba cha upasuaji. Kwenye mulango wanakupa mfuko mkubwa wa nyavu, si kikapu kidogo. Kitu cha kwanza cha kujiuliza ni hicho: kwa nini mfuko wote huo kwa mtu aliyekuja kununua soketi? Nimeuliza leo. Siku ile sikuuliza kitu, niliujaza tu.

Sasa hapa sitaki kuongea uongo. Wanafunzi wenzangu Wabelgiji, wengi wao wazuri sana, wanayachukia maduka haya. Wanasema ni aibu kuingia mule, kwamba mitumba ni bora kwa mazingira. Mimi ninawasikiliza, ninatikisa kichwa, lakini ndani ya roho ninacheka. Nimekulia ndani ya mitumba. Ninajua asubuhi ya kufungua balo pale Kadutu, namna wenye feza wanachagua wa kwanza, na namna sisi wengine tunafika saa nane ya mchana wakati balo limekwisha kupoa. Ninajua harufu ile inayobaki kwenye kola hata ukifua mara tatu. Nguo mpya niliyoijua utotoni ni yunifomu ya shule, bluu na nyeupe, iliyoshonwa na fundi wa avenue yetu, tena ikiwa na upindo mrefu chini ili idumu miaka miwili. Basi nilipokata kile kikamba cha plastiki kilichofunga soketi jozi 6, soketi ambazo hakuna muguu wa mtu mwingine uliopita ndani yake, nilisikia furaha. Niko na miaka 28 na lisansi ya agronomia, na nilifurahi juu ya soketi.

Anayeyakosoa maduka haya bila kuiona furaha hiyo anakosoa watu asiowajua. Mule ndani nimekuta mama za Kimoroko na watoto wane, wazee Wabelgiji wa pensheni ndogo, Wakongomani, Waafghani, wanafunzi wa kila rangi. Kinachouzwa kwetu si kitambaa. Tunauziwa upya: kuwa mtu wa kwanza kuvaa kitu. Kwa mtu wa balo, hicho ni kitu kikubwa.

Shida ni kwamba upya huo unakwisha haraka, na ukikwisha hakuna kitu chini yake. Hesabu yangu ya baridi ya kwanza ndiyo hii. Siku ya kwanza nilitoka na fakture ya euro 61, mimi niliyeingia kutafuta soketi na koti. Mwezi wa kwanza zipu ya koti ilikufa. Pantalo ilianza kutoka upara katikati ya mapaja kabla ya Pasaka. Triko zilijaa vidonge vya manyoya kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa vibaya. Nikarudi, nikanunua tena, kisha tena. Kufikia mwezi wa ine nilikuwa nimetoa karibu euro 190, na sikuwa na nguo hata moja ya kuvaa mbele ya profesa. Kisha nikaingia kwa Les Petits Riens, lile shirika lililoanzishwa na padri mmoja mwaka 1937, linalouza vitu vilivyotolewa na watu. Nikapata koti la sufu la euro 18, zito, vifungo vyote viko. Ninalivaa mupaka leo. Ndiyo, mutoto wa Kadutu amevuka bahari kwenda kununua mitumba. Munaweza kucheka, mimi pia nilicheka.

Lakini angalieni kitu kimoja. Siku ile nilikuwa na euro 18 na mchana mzima wa kutafuta. Wakati nilipofika sikuwa na mchana, nilikuwa na baridi. Wanaosema « nunua kidogo lakini nunua kizuri » husahau kwamba kizuri kinalipwa siku moja, na bursi inaingia kwa mwezi.

Tuingie sasa kwenye kazi yetu, juu sisi ni watu wa shamba. Tisheti moja ya pamba ina uzito wa karibu gramu 150. Ukitoa pamba shambani, nyuzi ni karibu 40 kwa 100, zinazobaki ni mbegu. Kwa hiyo tisheti moja ni karibu gramu 400 za pamba iliyovunwa kwa mkono ao kwa mashini. Bei ya nyuzi ku soko la dunia ikiwa karibu dola 1 na senti 70 kwa kilo, pamba yote iliyo ndani ya tisheti haifiki senti 40 za dola. Tena hapo ni kabla ya kumlipa mwenye kusafisha pamba. Mkulima anapata nini? Fanyeni hesabu wenyewe, mulifundishwa. Na tunaongea juu ya pamba tu. Triko yangu ya euro 7 ilikuwa karibu yote poliesta, maana yake petroli, haina hata mkulima wa kumuhurumia.

Aliye na bei katika hadizi hii ni mshonaji, na tunajua bei yake ilivyo. Tarehe 24/4/2013 jengo la orofa 8 lililoitwa Rana Plaza lilianguka Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Watu zaidi ya 1100 walikufa. Nyufa zilikuwa zimeonekana jana yake, na washonaji wakaambiwa waingie kazini. Kati ya kampuni zilizoshonewa mule kulikuwa Primark ya Ireland na Benetton ya Italia. Zote mbili zilitoa feza za kufidia. Sijui kama koti langu lilishonwa na mtu mwenye mushahara mzuri. Etiketi inasema inchi tu.

Kuna wenzetu watasema: basi tuvae vya kwetu. Vipi? Toka 1917 Wabelgiji waliwalazimisha babu zetu kulima pamba, hata pale bonde la Ruzizi ambako wengi wetu tulifanya staji. Filtisaf ya Kalemie ilisokota na kufuma. Kinshasa kulikuwa Utexleo, ikaja kuitwa Utexafrica. Ufumaji wake ulisimama 2007. Leo uwanja wa kiwanda hicho ni nyumba nzuri za kupangisha, na kampuni yenye uwanja, Texaf, inauza hisa zake hapa hapa ku soko la hisa la Bruxelles. Nikipita karibu na jengo la zamani la soko hilo katikati ya muji, ninafikiri juu ya fundi wa avenue yetu na upindo wake mrefu.

Kinachoniuma zaidi ni safari ya mwisho ya nguo hizi. Mubelgiji akichoka na triko ya euro 7, anaitupa ndani ya kisanduku cha nguo kwenye kona ya barabara, na roho yake inatulia. Sehemu ya nguo hizo zinachambuliwa, zinafungwa balo, zinafika kwetu. Rafiki mmoja wa mama yangu anauza Kadutu zaidi ya miaka 15. Aliniambia kwa sauti ya WhatsApp: « Mutoto wangu, zamani balo la triko ukilifungua unapata nguo. Sasa unapata vitambara. » Mujue kwamba balo linanunuliwa likiwa limefungwa. Hauoni ndani. Ananunua kwa deni, anakata kamba mbele ya wateja, na kama nusu imekwisha kutoka manyoya, hakuna wa kumurudishia. Kwa hiyo kile ambacho sikulipa mimi ku kese ya Bruxelles, wala hakulipa Mubelgiji aliyevaa mara tano na kutupa, sehemu yake inalipwa na yule mama. Yeye njo anabeba hasara ya bei rahisi ya Ulaya, na hajawahi kuingia ndani ya duka hilo.

Na mimi? Mimi nilituma kitu kile kile kama zawadi. Tena kwa ajansi ya Matonge, pale wanapopima kwa kilo, na kusafirisha kulinipita bei ya nguo zenyewe. Nilitaka nyumbani wanione kama mtu aliye Ulaya. Sisi Wakongomani tumefundishwa kusoma etiketi. Sapeur anaweza kufungua koti barabarani ili uone jina la aliyelishona. Nilitegemea hilo, nikaacha jina na kukata bei.

Kisha siku mbili nilimpigia mudogo wangu. Nikamwambia ukweli: ndiyo, euro 7, na ndiyo, hiyo njo Ulaya, sehemu ile ambamo mimi ninaishi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama bursi inatosha. Hakuwa ameniuliza swali hilo hata siku moja toka nimesafiri. Tuliongea saa moja nzima. Mwishoni akampa mama simu. Mama pia nilikuwa nimemtumia triko, ya vifungo, rangi ya maziwa. Akasema aksanti, akanibariki, na akaongeza polepole kwamba aliishika kwa vidole viwili na haina uzito. Asubuhi anavaa ile yake ya zamani ya balo, yangu anaiweka kwa ajili ya kanisa.

Mwezi wa nane narudi. Nina ruhusa ya valizi mbili za kilo 23, na moja nimekwisha kuijaza vitabu na mbegu za mboga. Mudogo wangu ameniandikia anachotaka: bote za shamba, kalkuleta, na soketi nyeusi jozi 6, zile za kikamba cha plastiki. Soketi nimekwisha kuzinunua, duka lile lile. Etiketi sijaikata.